Kiasi cha Kujibu Simu

Mtu aliyewahi kupita soko la Gikomba, Nairobi, saa kumi na moja alfajiri anajua kuwa huko siku imeshapamba moto. Mitumba imefunguliwa, wateja wa kutoka Thika na Machakos wameshachagua na kulipa, mikokoteni inagombania njia na malori. Upande wa Kamukunji nyundo za mafundi wa jua kali bado hazijaanza kulia, lakini wenye maduka ya jumla ya sufuria na mabati wameinua milango. Burma nako, soko la nyama lililo ubavuni mwa Shauri Moyo, mizigo ya kutoka vichinjioni hushushwa watu wa ofisini wakiwa bado kitandani. Hao ndio waliokuwa wateja wetu. Programu tuliyowauzia iliandika mauzo, ikatoa risiti, ikahesabu bidhaa stoo na kuweka daftari la madeni, na malipo ya M-Pesa yaliingia humo yenyewe. Ikilala saa kumi na moja, kwao imelala katikati ya kazi. Kwa injinia wetu aliyekaa Ruaka, imelala usiku.

Kati yao na injinia tulikuwapo sisi wa simu. Nilianzia hapo, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vipuri, hatua chache kutoka barabara ya Jogoo. Sifa yangu kubwa ilikuwa kwamba nilizaliwa Shauri Moyo, katika nyumba za kanjo, na nilijua watu. Mtaa wenyewe ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipobomoa Pangani na kuwaleta huku wenyeji wake, na mpaka leo watu wa Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani na Majengo wanaishi kwa kujuana. Mama aliyeuza matumbo Burma alikuwa jirani yetu. Akipiga simu hakuzungumza kama mteja.

“Wewe mtoto wa kwetu, hiyo kitu yenu imekataa tena. Watu wamelipa, pesa imeingia kwa simu, na karatasi haitoki. Niwaambie nini?”

Sikuwa na la kumwambia. Kwenye kioo changu kulikuwa na kiduara kinachozunguka, na kwake pia. Tulifundishwa kujibu “tunalishughulikia, mama,” na mama alijua fika kuwa sishughulikii chochote, nimekaa tu na simu sikioni.

Zamani haikuwa hivyo. Kila duka lilikuwa na kompyuta yake chini ya kaunta. Ikikataa unatembea hadi Kamukunji na flashi mfukoni, unapiga magoti kwenye vumbi la chuma, unawasha kioo na kusoma kosa lenyewe. Uliona kila kitu: mauzo ya jana, bei ya kununulia, nani anadaiwa. Lakini mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yako, mikono kiunoni, na hakuondoka mpaka uinuke. Nimesoma sera nyingi za usalama wa data tangu wakati huo, na sijaona iliyoishinda ile.

Kilichoziondoa zile kompyuta ni moto. Gikomba huungua mara kwa mara, na moto wa Juni 28, 2018 uliua watu 15. Aliyeteketewa mali angeweza kuanza tena iwapo angalau alijua pesa zake ziko kwa nani. Waliokuwa wameweka daftari la madeni ndani ya kompyuta iliyoungua hawakubaki na hata hilo. Baada ya hapo hakuna aliyebisha tulipohamisha kila kitu kwenye wingu, yaani kwenye seva za kukodi, kwanza Ireland, kisha Cape Town baada ya Amazon kufungua vituo vyake huko Aprili 2020. Wala si ajabu kwa Mkenya hesabu zake kukaa mbali. M-Pesa yenyewe, iliyoanza Machi 2007, iliendeshwa kwa seva zilizokuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka wa 2015.

Moto haukuwa tena na la kutufanya. Ila sasa hapakuwa na kioo cha kupigia magoti, wala mwenye duka wa kusimama nyuma yako. Aliyeshika ufunguo wa akaunti aliona kila kitu cha kila duka, peke yake, popote alipo. Asiye nao hakuona lolote.

Na ufunguo ulikuwa mmoja. Ijumaa moja injinia alikuwa kwenye matatu akielekea kwao Nakuru, mtandao unakuja na kupotea, na simu za Burma hazikomi. Karibu na Gilgil akachoka. Akamtumia dada aliyekuwa zamu paswadi ya akaunti kuu kwa WhatsApp, pamoja na maelekezo ya kuiwasha seva upya. Dada akaiwasha, risiti zikatoka, kila mtu akashukuru. Jumatatu paswadi ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi, na haukupita muda kila mwenye zamu akawa anaingia kwa jina la injinia. Sioni wa kulaumiwa hapo. Ukimnyima mtu kila kitu halafu ukamwachia simu inayolia, atatafuta njia, na njia atakayoipata itakuwa pana kuliko ile ambayo ungemchongea wewe.

Kisha maneno yakaanza Burma. Mwenye bucha mmoja alisikia orodha ya wateja wake wa mkopo, mahoteli na shule, ikitajwa na mshindani wake pamoja na viwango vya madeni. Alikuja ofisini mwenyewe akiwa na koti lake jeupe la kazi, akakataa kiti. “Hii imetoka kwenu,” alisema. “Mimi daftari yangu iko kwa simu, na simu ni hii hapa.” Mkurugenzi akafungua kumbukumbu za akaunti aone nani aliingia na lini. Kila mstari ulibeba jina moja, la injinia, hata katika saa ambazo injinia alikuwa kanisani na watu wakimwona. Macho yakamgeukia dada wa zamu. Mshahara wake ndio uliokuwa mdogo kuliko wote, na kaka yake alifanya kazi katika bucha ya yule mshindani. Zaidi ya hapo hapakuwa na sababu. Hapakuwa na ushahidi kuwa alitoa kitu, wala hapakuwa na namna ya kuonyesha kuwa hakutoa. Mwezi uliofuata aliacha kazi. Orodha ile ilitoka wapi, sijui mpaka leo. Inawezekana ilitoka kwa kijana wa bucha ile ile.

Ninapomsikia mtu akisema kuwa kumwekea mfanyakazi mipaka ni kumshuku, namfikiria yule dada. Kilichomponza ni kupewa kingi kuliko alichohitaji, bila alama yoyote ya kumtofautisha na wengine waliopewa. Katika mitaa yetu kitu kikipotea, wa kwanza kupekuliwa ni yule anayelipwa kidogo. Anayejulikana na wote kuwa hawezi kuona daftari la madeni, hapekuliwi daftari la madeni likivuja.

Baadaye nilipewa usimamizi wa huduma kwa wateja, na mojawapo ya kazi zangu ikawa kukaa na mainjinia tuandike nani aone nini seva ikilala. Mainjinia walitaka watu wa simu wasione kitu. Watu wa simu walitaka waone vyote, kwa kuwa wao ndio wanaotukanwa. Pande zote mbili zilikuwa zikizungumzia uaminifu, na uaminifu wa mtu haupimwi mkutanoni, kwa hiyo tukazunguka pale pale. Nikaomba tufungue faili moja la ajali tuone tunachogombania.

Seva inapokufa ghafla inaweza kuandika kwenye diski kila kilichokuwa katika memori yake dakika hiyo. Mainjinia waliliita faili hilo dampu. Tulilifungua tukiwa watatu, mlango umefungwa. Mwanzo ni takataka tu, nukta na alama na herufi zisizosomeka, kioo baada ya kioo. Halafu katikati ya takataka likatokea jina la mtu, yote matatu, namba yake ya simu ikianza na 2547, na shilingi 3,450 alizolipa. Chini yake ulikuwapo ufunguo wa kuingilia hifadhidata, herufi kwa herufi. Chini zaidi, maneno ambayo mwenye duka alikuwa ameyaandika katika sehemu ya maelezo: “Mama wa kona, amefiwa, asisumbuliwe mpaka Disemba.” Injinia aliyekuwa ameshikilia kuwa dampu ni mambo ya kiufundi tu alinyamaza, kisha akafunga laptopu.

Wakubwa nao yamewafika. Julai 2023 Microsoft ilitangaza kuwa kundi la wadukuzi ililoliita Storm-0558, lenye makao China kwa mujibu wake, lilikuwa likisoma barua pepe za taasisi zaidi ya 20. Za Gina Raimondo, aliyekuwa Waziri wa Biashara wa Marekani, zilikuwamo. Walitumia ufunguo wa kutilia sahihi wa Microsoft yenyewe. Septemba mwaka huo kampuni ikaeleza jinsi ilivyoamini mambo yalikwenda: mtambo wa kutilia sahihi ulianguka Aprili 2021, dampu lake likabeba ufunguo ambao haukupaswa kuwamo, likatolewa eneo lililofungwa na kupelekwa kwenye mtandao wa kawaida wa kampuni likachunguzwe, na baadaye wadukuzi wakaiteka akaunti ya injinia aliyekuwa na ruhusa ya kufika pale. Machi 2024 ikarekebisha maelezo hayo: dampu lenye ufunguo huo haijalipata. Kwangu marekebisho yanatisha kuliko maelezo ya kwanza. Kampuni ya ukubwa ule haikuweza kusema kwa hakika faili la ajali lilikuwa na nini ndani na lilipitia kwa nani. Sisi wa juu ya duka la vipuri tungeweza vipi?

Kilichotutoa kwenye mkwamo ni simu zenyewe. Niliwaomba wenzangu wawe wanaandika maswali wanayoulizwa kila seva inapolala. Yalikuwa yale yale. Ni mimi peke yangu ama ni watu wote? Pesa iliyolipwa imepotea? Niandike kwa mkono ama ningoje? Itarudi lini? Kuna kitu nimeharibu mimi? Nadhani hata wale waliokwama Julai 27, 2023, eCitizen iliposhambuliwa na huduma za serikali zikazimika, hawakutaka kujua zaidi ya hayo. Hakuna swali hata moja kati ya hayo linalohitaji jina la mnunuzi. Hata lile la pesa linataka tu kujulikana kama ujumbe wa malipo umefika na unangoja foleni, ama haujafika.

Basi tukatengeneza ukurasa wa kujibu maswali hayo na kuishia hapo. Unaonyesha sehemu gani ya mtambo imelala na tangu saa ngapi, maduka gani yameguswa, sababu kwa lugha ya kawaida kama vile memori imejaa, hifadhidata haijibu, au ujumbe wa M-Pesa haufiki, malipo mangapi yako foleni, na iwapo injinia ameamshwa na amekubali kazi. Hilo la mwisho liligombaniwa. Mainjinia hawakupenda saa zao za kuamka zionekane. Nikasema mama wa matumbo zake zinaonekana na soko zima.

Watu wa simu hawakupewa akaunti ya wingu kabisa, hata yenye mipaka. Mwanzoni tulidhani ruhusa ya kusoma tu ingetosha, kwa sababu jina lake linatuliza. Lakini ile ya kusoma tu iliyotayarishwa na Amazon humruhusu mwenye nayo kufungua mafaili yaliyohifadhiwa, dampu zikiwemo. Hawezi kuharibu kitu. Anaweza kusoma vyote. Na katika biashara ya madeni, kusoma ndiko kuharibu. Kwa hiyo ukurasa wetu haugusi ghala la dampu. Programu ndogo hulisoma tukio, hutoa vitu vichache vinavyohitajika, huvipeleka pembeni, na mtu wa simu huona vile vya pembeni.

Hiyo programu ndogo ilitufunza adabu. Ya kwanza iliandikwa kwa mtindo wa kufuta kibaya: tafuta namba za simu, zifute, tafuta funguo, zifute. Ikashika 2547 na ikaachia 07. Ikashika 07 na ikaachia namba iliyoandikwa na nafasi katikati. Majina haikuyaweza kabisa, maana huku jina la mtu linaweza kuwa Baraka, Jumapili ama Mvua. Na “asisumbuliwe mpaka Disemba” utaifuta kwa kanuni ipi? Ya pili ikaandikwa kinyume: hakuna kinachopita isipokuwa kilichotajwa kwenye orodha. Saa inapita. Jina la huduma linapita. Aina ya kosa inapita ikiwa ni mojawapo ya zile tunazozijua, isipojulikana, ukurasa unaandika “kosa jipya, muulize injinia.” Orodha ikawa fupi mno kwa kuanzia, na malalamiko yakaja, lakini kuongeza mstari kwenye orodha ni kazi ya dakika chache, na kilichokwisha kuonwa na mtu hakiondolewi kichwani mwake.

Yako mambo ambayo ukurasa hauyatoshelezi, na kwa hayo mwenye zamu anaweza kuomba kipande cha maelezo ya kosa. Anapata kiungo kinachojifunga baada ya muda mfupi, kwa jina lake mwenyewe. Dampu lenyewe hufunguliwa na injinia baada ya mwingine kuidhinisha, kila ufunguzi unaandikwa mahali ambapo hata injinia hawezi kufuta, na dampu zikishatimiza siku zake hujifuta. Ule mwandiko usiofutika ndio mwenye duka wetu wa sasa, mikono kiunoni.

Mkurugenzi alilikubali hilo upesi kuliko nilivyotarajia, na sidhani ni kwa hoja zangu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka data ya mtu itumike kwa kiasi kinachohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Data ikivuja na kuhatarisha wenyewe, kamishna wa data aarifiwe ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Kwa kampuni ya saizi yetu hata ile iliyo ndogo inauma. Aliniuliza swali moja tu: “Tukiulizwa nani aliona, tutaweza kusema?” Nikamwambia sasa tutaweza.

Faida ambayo sikuipangia ilikuja kutoka mtaani. Watu wetu wa simu wanakaa Shauri Moyo, Makongeni, Majengo. Wanakula Burma na kununua sufuria Kamukunji kwa wateja wale wale. Kuombwa ni jambo la kila siku, tena na watu usioweza kuwakataa. Kijana mmoja wa zamu alikutana na mjomba wake, muuza masanduku ya bati, karibu na City Stadium.

“Mjomba, wewe si uko kule kwa mitambo? Hebu niangalizie huyu jirani yangu anauza ngapi kwa siku.”

“Mjomba, hiyo siioni. Hata yako siioni.”

“Kwani mlikatazwa?”

“Haiko kwa kioo chetu.”

Mjomba akalalamika kuwa vijana wa siku hizi hawana msaada, wakaagana vizuri. Angemwambia “nimekatazwa” pangekuwa na ubishi, kwa sababu aliyekatazwa anaweza kubembelezwa. Watu hudhani mipaka humpunguzia mfanyakazi heshima. Huyu ilimwachia mjomba wake.

Januari 2024, wiki ambayo wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walikuwa wakiripoti, wauza masanduku wa Kamukunji waliuza tangu giza hadi giza, na seva ikalala mbele ya macho yetu. Ukurasa ukaandika: memori imejaa, ripoti ya mwaka. Kumbe maduka kadhaa yalikuwa yameomba ripoti ya mauzo ya mwaka mzima kwa wakati mmoja, ili kulinganisha na msimu uliopita, na programu ilikuwa ikiyabeba mauzo yote kwenye memori kwa mkupuo. Binti aliyekuwa zamu hakuwa injinia na hakujifanya injinia. Alichukua simu moja baada ya nyingine: “Baba, si wewe peke yako. Pesa zako zimefika, zinangoja tu risiti. Usibonyeze ripoti ya mwaka mpaka nikupigie. Kwa sasa andika kwa kitabu.” Injinia alipoinuka, nusu ya kazi ilikuwa imeisha: sababu inajulikana, na hakuna aliyekuwa akiendelea kuibonyeza. Hakuna aliyetukanwa siku hiyo, na kwa Januari ya Kamukunji hilo ni jambo.

Tangu hapo watu wa simu wanadai kitufe. Wanasema wakiona memori imejaa wawe na ruhusa ya kuiwasha seva upya wao wenyewe, bila kumwamsha mtu Ruaka. Mainjinia wanapinga, na safari hii niko nusu kwa nusu. Kuwasha upya seva ambayo inaandika malipo kunaweza kuacha risiti zisizo na pesa na pesa zisizo na risiti. Tena ajali ikifutwa upesi, dampu la kuchunguzia halipatikani. Lakini naijua pia karatasi inayobandikwa chini ya kibodi. Tumekubaliana wajaribu kwa seva ya ripoti peke yake, ambayo haigusi malipo, kitufe kikiandika jina la aliyebonyeza na sababu, na kikigoma kubonyezwa mara ya pili kabla injinia hajajibu. Wataanza Machi. Januari hakuna anayejaribu kitu.